Stain, tashi, doa: gisi neno moja ilinichafulia kazi na shemizi

Kwanza leo naandika Kiswahili ya kwetu Bukavu. Ile sanifu niko naiandika kila siku ju ya franga na leo imenichosha, mwenye haiwezi kusoma hii atanisamehe.

Kazi yangu ni kutafsiri. Karatasi zinakuya mu Kingereza ao mu Kifransa, miye nazigeuza Kiswahili, banalipa kwa paji, na mutu mwenye analipwaka kwa paji hanaka muda ya kuulizauliza. Miaka kidogo nyuma ONG moja (shirika ya misaada) ilinipatia kitabu ya formasyo, ya mafunzo, ya batu ba labo benye banapimaka damu, paji karibu mia moja, tulikuwa vandredi na eti ikuwe tayari lundi asubui. Unajua koranti ya kwetu. Nilikuwa naandika na bateri ya laptop, simu nimeisimamisha ku glasi ikuwe tochi, saa nane ya usiku, na mu ile shapitre ya malaria neno "stain" ilikuwa inarudia kila mstari sawa mutoto mwenye anaomba biskwi. Stain hii, stain ile, before staining, after staining. Miye stain naijua tangu masomo. Stain ni tashi, ni doa, sikufungua hata diksionere. Nikaweka doa pa fasi yote, nikatuma, nikalala.

Kwa hiyo mu kitabu yangu mulikuwa sentensi hii, naiandika vile ilikuwa, na sanifu yake yote: "Chafua kioo kwa doa la Giemsa. Acha doa likae kwa dakika kumi, kisha osha kioo taratibu bila kuondoa doa."

Na paji mbili mbele: "Panga vioo juu ya sinia ya chuma isiyo na doa."

Soma tena polepole. Unachafua, unaosha, lakini uchafu ibakie, alafu ile yenye umechafua unaiweka juu ya sinia yenye haina uchafu. Na miye niliandika hii nikiwa na akili timamu.

Siku ya formasyo balinialika nikuye kusaidia kama kuna maneno ngumu. Kulikuwa batu karibu makumi mbili mu chumba, na mama moja wa labo, mutu wa umri ya mama yangu, amefanya ile kazi tangu miye sijaanza primere, njo balimupatia asome kwa sauti. Akasoma ile ya kwanza, akanyamaza. Akatoa lineti (miwani), akaipangusa, akairudisha, akasoma tena. Alafu akauliza, "Nani aliandika hii?" Nikanyanyua mukono.

"Papa, wewe unafulaka nguo?"

"Ndiyo mama, nafulaka."

"Unafulaka ju ya kutoa doa ao ju ya kuichunga?"

Chumba yote ikacheka, na miye nikacheka nao juu ningefanya nini. Alafu akamaliza kusoma, alipofika ku ile sinia isiyo na doa, muchungaji moja mwenye alikuwa pale (alikuja ju ya maombi ya kufungua) akasema ile sinia inastahili kuingia mbinguni mbele yetu. Ni ya kweli, juu mu Petro wa Kwanza 1:19 Yesu banamuita mwana-kondoo asiye na ila, asiye na waa. Waa ni doa. Sasa miye nilikuwa nimetakasa sinia ya labo.

Nilirudi kwetu na haya na ile usiku sikulala, nikaanza kutafuta ile neno ilitoka wapi, juu kama kintu kinakuaibisha mbele ya batu makumi mbili unataka ujue ukoo wake yote.

Basi stain iko na babu mbili. Babu ya kwanza ni Kinordiki ya zamani, luga ya ba Viking, bale bantu ba mitumbwi mirefu benye balivuka bahari kutoka Denmaki na Norwe bakashambulia Uingereza, bakabakia, bakaoa, bakaacha maneno. Maneno ya kila siku kabisa, sawa egg, window, knife, hata sky, yote ilitoka kwao. Bale balikuwa na neno steina, maana yake kupaka rangi. Hakuna uchafu mule, ni kazi ya mafundi.

Babu ya pili ni Kifransa. Mu 1066 Wanormani balivuka kutoka Ufaransa, bakachukua utawala, na Kifransa ikakuwa luga ya batu bakubwa kule kwa miaka mingi (sisi hiyo hadisi hatuhitaji kuelezwa, tuko tunaijua na ngozi). Mule mulikuwa neno desteindre, leo banaandika déteindre. Na hii njo ilinisimamisha, juu déteindre maana yake ni kutoa rangi! Des ni kuondoa, teindre ni kutia rangi, inatoka ku Kilatini tingere. Wangereza bakaichukua ikakuwa disteynen, bakakata kichwa yake vile batu banakataka maneno mirefu, na karibu na mwisho wa karne ya 14 zile babu mbili zikakutana mu neno moja. Moja anasema nitie rangi. Mwengine anasema nitoe rangi. Mutoto wao ni stain, na maana yake ikakuwa kuharibu rangi ya kintu.

Nilibakia naangalia ile. Gisi gani kutoa rangi inakuwa kuweka doa? Ni kinyume kabisa, sivyo?

Hapana, na jibu iko ku soko ya Kadutu, huku kwetu Bukavu. Mama mwenye anajua soko hanunuaka kitenge na macho peke. Anakamata ncha, anailowesha na maji kidogo, anaisugua ku kitambaa nyeupe ao ku kiganja yake, na kama kiganja inatoka nyekundu anaachilia kitenge pale pale hata umushushie bei mara tatu. Wa Tanzania banasemaka nguo inachuja. Sisi tunasemaka inatoa rangi. Sasa kitenge yenye inatoa rangi, ile rangi inaendaka wapi? Haiendake mbinguni. Inaenda ku kiganja, inaenda ku shuka, inaenda ku bintu byote byenye biko mu beseni. Nilipokuwa mu primere yaya yangu aliweka singileti yake mupya nyekundu pamoja na shemizi (mashati) zangu za bleu-blanc, nguo ya masomo, na lundi nilienda masomo na shemizi ya roz, roz kabisa sawa ya bibi harusi, na mwalimu alinisimamisha mbele ya klasi eti nieleze. Singileti ilipoteza rangi, shemizi ikapata doa, na ni kitendo kimoja tu. Wafransa hata leo banasema kintu inadéteindre ku ingine. Sijui kama wale wa karne ya 14 balikuwa banawaza singileti ya yaya yangu, lakini miye pale njo nilielewa, doa ya huyu ni rangi yenye ilitoroka kwa mwengine.

Na ile tingere ya Kilatini iko na ukoo mukubwa, utashangaa ni nani na nani baliketi pamoja. Tint ya Kingereza ni ya mule. Tinge pia. Taint, yenye ni kuoza ao kuharibika, inachanga damu nao. Teinture ya Kifransa, na ile teinture d'iode yenye kila nyumba ya Bukavu ilikuwa nayo mu kabati pa juu, tentidyodi, ile dawa ya kahawia yenye ukianguka na baiskeli mama anakupaka ku goti unapiga kelele sawa banakuchinja, na vidole vyake vinabakia kahawia siku tatu. Tentidyodi na stain ni ndugu. Miye nimepakwa ile kintu utoto yote sikujua.

Kifransa yenyewe kwa doa ilichukua njia ingine, ikasema tache, sisi tashi. Na hapo kila mutoto mwenye alisoma Kongo anakumbuka diktee, tache bila kofia na tâche na kofia. Bila kofia ni doa, na kofia ni kazi. Ukisahau kofia unaandika kama mama anafanya madoa ya nyumbani. Tâche ya kofia inatoka ku Kilatini taxa, yenye ni ushuru ao kazi yenye banakupangia, kwa hiyo iko ndugu na taksi, ile gari yenye inakupeleka Panzi, juu taksi ni kifupi ya taximètre, kipimo ya bei. Siku mwalimu wa Kifransa anakukata pwen ju ya kofia, mwambie hii, haitakurudishia pwen lakini utajisikia muzuri.

Na détacher! Hii naipenda zaidi. Détacher mbwa ni kumufungulia kamba. Détacher shemizi ni kuitoa doa. Neno moja vile vile, na Wafransa benyewe hayibashangazaki.

Sasa turudi ku labo, juu pale njo kwenye nilijifunza bintu kuliko mu diksionere.

Mama wa labo hakuwa mubaya. Kisha formasyo aliniita, "Papa, kuya uone doa yako na macho." Nikamufuata. Alikuwa na damu ya mutoto moja mwenye homa, tone moja ku kioo, amelizungusha na ncha ya kioo ingine mpaka likakuwa duara sawa kifungo ya koti. Aliiacha ikauke. Hii njo gut epesi (goutte épaisse, tone nene), kipimo ya malaria, ile yenye sisi wote tunafanyaka kila homa, unatoka kwa docta unasema niko na plus mbili ao plus tatu sawa unajivunia matokeo ya egzame. Nilikuwa nimeifanya mara makumi mu maisha yangu, sijawahi kuona kunakuwaka nini nyuma ya ile dirisha.

Ile damu kavu, akaniambia, haina kitu ya kuona. Ukiiweka ku mikroskopi vile iko, vidudu biko mule lakini haubioni, ni sawa kutafuta glasi mu ziwa. Kwa hiyo unatia rangi. Akakamata chupa nyeusi, akachanganya kidogo na maji, ikakuwa rangi ya zambarau yenye inakaribia bluu ya usiku, akaimwanga juu ya kioo pole pole mpaka ikafunika, akaweka saa. Dakika kumi. Ile rangi jina yake inatoka ku mutu, Gustav Giemsa, mukemia wa Ujerumani mwenye alikuwa anafanya kazi Hamburg ku magonjwa ya inchi za joto, na fomula yake ni ya 1904. Ndani kuko bluu ya metileni na eozini, moja bluu, moja nyekundu, na kila moja inachagua fasi yake ya kushika.

Dakika kumi zikapita. Akaosha. Na hapa akaosha gisi yenye sijaona mutu anaosha kintu, maji inapita pembeni pole, haigusi ile duara na nguvu, alafu akasimamisha kioo ku ukuta ikauke. Akaweka tone ya mafuta, akaangalia, akazungusha, akanyamaza muda murefu akiwa anahesabu na midomo. Alafu akaniachia kiti.

Niliona kwanza bintu bikubwa bya zambarau, akasema hizo ni seli nyeupe, usiziangalie. "Angalia pembeni. Unaona pete?" Na kweli, kulikuwa pete ndogo, ndogo sana, ya bluu, na ku pete kuko kijiwe moja chekundu. Sawa pete ya harusi yenye bamewekea kijiwe. Mutoto mwenye alikuwa analia kule inje, hii njo ilikuwa inamuliza.

"Sasa bila doa yako ungeiona?"

Nikasema hapana mama.

"Basi usiite doa. Doa ni kintu chenye hautaki. Hii miye naitaka."

Nimebeba ile jibu mpaka leo kuliko ukoo yote ya Kilatini. Kiswahili, ya Bukavu na ya Zanzibar na ya fasi yote, inatenganisha, doa ni ile yenye haukuita, rangi ni ile yenye uliita mwenyewe (na rangi tuliitoa kwa Waajemi, ni neno yao). Kifransa pia inatenganisha, ku labo banasema coloration, hakuna mutu wa Kifransa atasema tache ya Giemsa. Ni Kingereza peke njo inaweka yote mu kapu moja, mafuta ya sombe ku shati ni stain, rangi ya mufundi ku mbao ni stain, vioo bya rangi ku kanisa ni stained glass, na dawa ya labo ni stain. Njo babu mbili hizo, ya kutia na ya kutoa, bado banagombana mu nyumba moja.

Alafu akaniambia kintu ingine yenye ilinichekesha juu alinicheka mbele ju ya kufula. Akasema, lakini papa, kusema kweli na sisi tunafulaka. Akanieleza ile ya kifua kikuu. Unapaka kohozi ku kioo, unamwanga rangi nyekundu, fuksini, unapasha moto chini mpaka inatoa moshi kidogo lakini haichemki, alafu unamwaga asidi na alkoli, kintu kali kabisa. Bintu byote mu kioo binapoteza ile nyekundu. Byote, isipokuwa vijidudu bya TB, bile biko na ngozi ya mafuta sawa nta, rangi ikisha kuingia asidi hayiitoe. Kisha unaweka bluu ju ya kufunika byote byenye bilitoka rangi, na unaona vijiti byekundu mu bahari ya bluu. Robert Koch alitangaza kidudu ya TB ku 24 Machi 1882, njo sababu siku ya TB ni ile, na karibu pale pale Ziehl na Neelsen, Wajermani wawili, balitengeneza ile njia ya kupaka yenye inabeba majina yao. Mama anasema, "Banamama benye banafula banalia juu doa hayitoki. Miye ikikataa kutoka njo najua jina ya ugonjwa."

Ile ya Gram iko vile vile, Hans Christian Gram, Mudenmaki, 1884, alikuwa Berlini anatafuta bakteria mu mapafu ya batu benye nimonia ilikuwa imeua. Unaweka zambarau, unaweka iyodi, unaosha na alkoli. Benye ngozi nene banabakia zambarau, benye ngozi nyepesi inawatoka. Na ile zambarau, sikia hii, ni violet ya jansiane, ile ile banamama banapakaka mutoto mu kinywa kama ulimi uko na bintu byeupe, mutoto anatembea na midomo ya zambarau sawa amekula zambarau, yale matunda ya ku muti. Naye pale haiko doa, ni dawa, lakini jaribu kuitoa ku bluzi uone kama haitakuwa doa.

Ile sinia nayo nilikuja kuirekebisha. Stainless ni inox, kwisha, kila mutu Kongo anasema sufuria ya inox. Harry Brearley wa Sheffield mu 1913 alikuwa anatafuta chuma ya mitutu ya bunduki yenye haitalika haraka, akachanganya chuma na kromu karibu 13 kwa mia, akaona asidi haiigusi. Kule Sheffield kazi yao ni visu, na visu bya zamani bilikuwa binaoza na kupata alama ukikata limau ao siki. Kwanza bakaiita chuma isiyo na kutu, alafu ku mafundi ba visu njo jina ya stainless ilitoka. Wangereza bakaangalia doa, Wafransa bakaangalia kutu, inoxydable. Sisi tulichukua ya Wafransa, na haiko mbaya, inatuokoa ku ile sinia takatifu.

Kuna fasi moja neno hii hainichekeshi. Madoadoa. Mu Biblia ni ya chui, Yeremia 13:23, Mkushi aweza kuibadili ngozi yake, au chui madoadoa yake? Ni maneno mazuri. Lakini Kenya wakati ya vurugu ya 2007 na 2008 batu balitumia madoadoa kuita jirani zao ba kabila ingine, benye walikuja kukaa kwao, na Januari 2022 senata moja alikamatwa juu alisema ile neno ku mukutano Eldoret. Mutu anajua Kiswahili anaelewa ju ya nini. Ukimuita mutu rangi, haumaanishi kintu. Ukimuita doa, umeisha kusema unataka kufanya nini na maji na sabuni. Na sisi huku Kivu tusijifanye hatuna maneno ya vile, tuko nayo mingi, sitaiandika hapa.

Sasa shemizi.

Ile siku ku labo nilikuwa nimevaa shemizi yangu ya bluu ya mawingu, ya kazi, moja peke nzuri. Nilipoinama ku mikroskopi mukono yangu iligusa kikombe chenye kulibakia Giemsa, na tone moja, moja tu, ikaruka ku mufuko pa kifua. Mama wa labo akaangalia, akasema, "Hiyo sasa ni doa."

Nikaifikisha kwa mama yangu. Mama yangu ku madoa ni profesa. Anajua mafuta ya mawese unapaka sabuni ya kipande alafu unaanika ku jua kali, jua inakula ile nyekundu yenyewe. Anajua maji ya mugomba, ile utomvu, haitokake kamwe, ukienda kukata ndizi unavaa nguo ya kukata ndizi. Anajua kokwa ya avoka inaandika kahawia sawa wino. Lakini hii alikuwa hajaiona. Akaishika mu mwangaza, akanusa.

"Ni nini?"

"Ni rangi ya labo mama, ya malaria."

"Ni malaria mu shemizi?"

"Hapana, ni ya kuonesha malaria."

Akajaribu sabuni, akajaribu limau na chumvi, akaianika ku jua kutwa, tone ikabakia pale na kiburi yake. Siku ya tatu akakosa uvumilivu, akakamata chupa ya javeli, ile maji kali ya kufanya nguo nyeupe, hakuichanganya na maji, akatia tone moja na kifuniko, vuu. Nilikuwa nasimama pale. Zambarau ikakuwa bluu, bluu ikakuwa kijani kidogo, alafu ikapotea kabisa, na mama akafurahi, akasuuza, akaitandaza ku kamba.

Ikakauka, pale ku mufuko kukakuwa duara nyeupe, nyeupe pe, kubwa kuliko ile tone mara tatu, juu javeli ilikula zambarau na ikaendelea na bluu ya shemizi. Des, teindre. Mama akaangalia ile duara murefu, akaniuliza, "Sasa hii nayo tunaiitaka doa? Hakuna kintu juu yake."

Nikamwambia Wangereza bako na neno. Akasema basi Wangereza bakununulie ingine. Ile shemizi bado niko nayo, naivalaka nikiosha pikipiki.